Chupa ya Saa Kumi

Mdogo wangu mpendwa, Mama Kifungo,

Nakusalimu kwa upendo, ingawa upendo wenyewe leo umekunja uso. Natumaini barua hii itakukuta mzima, masomo yanaingia, na lile jino lililokuwa likikusumbua limetulia. Usilichezee. Jino ni kama sindano ya cherehani: ukingoja livunjike ndipo ushughulike, kazi yote inasimama. Sisi huku ni wazima. Mama anakusalimu, miguu yake imepungua kuvimba. Mafundi nao wanakusalimu, na nikiwataja mmoja mmoja karatasi itaisha kabla sijafika kwenye jambo lililonikalisha chini. Mwanao hajambo. Nitakueleza hajambo kwa kiasi gani, maana wewe na mimi hatukulelewa kusema "hajambo" tukaishia hapo.

Nimeamua kuandika kwa sababu siku hizi kwenye simu hatuzungumzi, tunakatana maneno. Karatasi ina subira. Utaisoma mpaka mwisho hata ukinuna.

Nianze na ile Jumanne ya wiki tatu zilizopita. Hukujua, lakini uliponipigia nilikuwa nimelaza kitambaa tabaka kumi na mbili juu ya meza ya kukatia, mkasi mkubwa mkononi, na mkasi ukishaingia kwenye tabaka kumi na mbili huusimamishi njiani. Kwa hiyo simu niliiweka mezani nikafungua sauti. Ukamsikia Kifungo analilia chupa. Ukauliza kama mtoto wa mwaka na mwezi bado yuko kwenye chupa, nikasema bado. Ukauliza anakula nini, nikasema anaonjaonja. Hapo ndipo ukapanda. Ukasema likizo ikianza mwisho wa mwezi huu unakuja kumchukua mwanao, ukae naye huko chuoni, awe anashinda kwenye chumba cha watoto. Na kwamba ulishaniambia zamani kuwa pale hawapokei mtoto wa chupa, wanataka anayekula mwenyewe, na mimi kwa ukaidi wangu nimemfanya asipokelewe. Nikakujibu kwamba mtoto si mkokoteni wa kusukumwa. Ukasema, "Dada, uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Ukakata.

Mdogo wangu, vyerehani vinane vilinyamaza kwa mpigo. Vinane! Hata umeme ukikatika havinyamazi hivyo, kuna viwili vya miguu. Fundi wa kola alijifanya anatafuta sindano sakafuni. Aliyeniokoa ni Bibi Nyuzi, yule mama anayekaa mlangoni akipunguza nyuzi kwenye nguo zilizokamilika, aliyelea wanawe saba na wawili wa marehemu ndugu yake. Hakuinua hata kichwa. Alisema kwao walikuwa wakisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Halafu akasema aliyemaliza shati alilete, maana nyuzi hazikatiki kwa kutega masikio.

Nilikata zile tabaka mpaka mwisho. Zilitoka zimepinda. Miaka kumi na tisa ya kazi, tangu cherehani kimoja cha miguu kwenye kibaraza cha watu, sijawahi kukata kitu kikapinda.

Basi na mimi nina langu la kusema. Sikuzaa, ni kweli, na sikumbuki kumficha mtu. Lakini wewe nilikubeba mgongoni nikiwa na miaka kumi na saba, mama akiwa amelazwa, na ulikula mkononi mwangu mpaka ukaota meno ukaning'ata. Mwanao ulinikabidhi akiwa na miezi minne na siku sita, kilo sita na nusu, ukilia wewe kuliko yeye. Nilikwambia nenda kasome maabara, mtoto niachie, na sikusema nusunusu. Tangu siku hiyo hajawahi kulala na nguo mbichi. Chanjo zote kapata kwa tarehe zake. Alipofika miezi sita nilimwanzishia vyakula kama kitabu cha kliniki kinavyoelekeza: boga la kuponda, kiazi, ndizi, kiini cha yai. Na alikula! Hili ulishuhudia mwenyewe kwenye picha, amejipaka boga mpaka kwenye nyusi. Alipofika miezi minane alikuwa anamaliza nusu bakuli mara tatu kwa siku.

Kilichoharibu mambo ni mashati meupe.

Unajua msimu wa shule unavyokuwa hapa. Tulikuwa na mashati mia tatu na arobaini, meupe yote, ya shule moja, na siku tisa za kuyamaliza. Kifungo alikuwa anakula kwenye kiti chake kando ya meza ya pasi. Nikageuka kuhesabu mikono ya mashati, nikasikia "pu!" Nilipogeuka, bakuli la boga lilikuwa limetua juu ya rundo lililokwisha kupigwa pasi, na bwana mkubwa anapiga makofi. Mashati kumi na moja. Fundi wa kola akasema tusimlaumu, mtoto ameona mashati hayana nembo ya shule, akaitia. Watu walicheka mpaka machozi. Mimi nilicheka siku ya pili yake. Siku ile nilifua mashati kumi na moja kwa mkono, na boga, kama hujui, halitoki kwenye cheupe kwa kubembelezwa.

Nikapiga hesabu ya fundi: maziwa yakimwagika, shati linasuuzwa linarudi. Boga likimwagika, shati limekwisha. Nikaamuru kwamba mpaka mashati yatoke, chakula cha kijiko kisiingie karakana, mtoto apewe chupa. Siku tisa tu, nilisema. Siku tisa zikaisha, zikaja sketi za buluu, kisha makoti ya wauguzi, ambayo nayo ni meupe. Kifungo akajifunza kwamba njaa inaisha akiwa amelala chali, bila kutafuna, bila kuchafuka. Kijiko kikikaribia anageuza uso kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama. Alipotimiza mwaka alikuwa anakunywa chupa tano kwa siku, kila moja mililita mia mbili na arobaini. Ni lita moja na mililita mia mbili. Ya kwanza saa kumi na mbili asubuhi, ya mwisho kabla ya kulala, na ile ya nne, ya saa kumi jioni, wakati mafundi wanapumzika, nilikuwa nampa mimi mwenyewe stoo, tumeketi juu ya marobota ya vitambaa.

Sasa baada ya ile simu yako, nilikasirika kiasi cha kutaka kukuonyesha. Nilisema moyoni, mwezi hautaisha kabla mtoto huyu hajala kama seremala. Alhamisi ya wiki ileile nikampeleka kliniki. Muuguzi wetu ni yule mrefu mwenye sauti ya taratibu, ambaye hata akikwambia jambo baya unadhani anakukaribisha chai. Alimpima, akamfunua kope za chini, akafungua viganja vyake akavilinganisha na changu. Kisha akamtoboa kidole kumpima damu. Wewe unasoma maabara, kwa hiyo namba hii unaielewa kuliko mimi: tisa nukta moja. Akanieleza kwamba kwa umri wake isipungue kumi na moja. Akasema maziwa yamemjaza tumbo hayakuacha nafasi ya kitu kingine, na maziwa peke yake hayajengi damu. Kaa kitako kama umesimama. Amepewa dawa ya matone ya kuongeza damu, anaimeza kila siku, na muuguzi amesema atarudi sawa.

Alinipa masharti nami nikayaandika kwa chaki kwenye ukuta wa stoo. Maziwa yasizidi mililita mia tano kwa siku. Yawe kwenye kikombe. Yaje baada ya chakula, yasitangulie. Na mtoto ale pamoja na watu, akiwaona wanatafuna.

Siku ya kwanza nilihesabu vijiko, nikaviandika navyo ukutani. Viwili vilimezwa, kimoja kilitemwa, cha nne kilinirudia kwenye miwani. Siku ya pili, kimoja. Siku ya tatu hakula kitu mpaka saa nane mchana, akalia mpaka akapoteza sauti, na mimi nikasimama mlangoni na chupa mkononi kama mwizi. Bibi Nyuzi akaninyang'anya. Akaniuliza ninamlisha mtoto au ninamhesabia mshahara. Akasema kila nikiingiza kijiko uso wangu unakuwa kama wa mkaguzi, nani atakula mbele ya mkaguzi? Akaniambia nifute vijiko vyangu ukutani, nitandike mkeka mchana mafundi wanapokula, nimkalishe katikati, nimwekee chakula mbele yake, halafu nimgeuzie mgongo.

Nilimgeuzia mgongo, mdogo wangu. Ni kazi ngumu kuliko kushona koti la mikunjo.

Siku ya nne alichezea kiazi. Siku ya tano fundi wa kola alikuwa anasimulia habari ya mteja aliyetaka suruali ibanwe huku yeye mwenyewe ananenepa, mkono ukiwa hewani na nusu ya yai. Kifungo akajivuta, akaukamata mkono, akaling'ata yai pamoja na kidole. Fundi akapiga yowe kwamba mtoto anakula fundi mzima mzima. Watu wakaangua kicheko, Kifungo akawatazama mmoja mmoja, akaona kumbe kula ni jambo la kufurahisha watu, akarudia. Siku hiyo alimaliza yai zima na vipande vitatu vya kiazi. Siku ya nane alikula maharage ya kuponda, mchicha alioukunjia uso lakini akaumeza, na nusu ya ndizi. Kikombe bado anakimwaga, shingo yote inalowa, lakini anakishika mwenyewe kwa mikono miwili. Jana muuguzi alimpima tena. Tangu ile Alhamisi zimepita siku kumi na nane, ameongeza gramu mia tatu.

Hapo ndipo barua ingeweza kuishia, na nimekaa muda mrefu nikiitazama nikitamani iishie. Ungeisoma ukasema dada ana jeuri lakini kazi yake safi. Lakini kuna kitu nimekishona upande wa ndani, na nguo nisiyoweza kuigeuza nje siwezi kumpa mtu akavaa.

Muuguzi hakuniambia habari za maziwa mara ya kwanza Alhamisi ile. Aliniambia Kifungo akiwa na miezi kumi. Alinionyesha kwenye kadi kwamba uzito umeanza kusimama, akanitaka nipunguze chupa. Nikamwitikia vizuri, nikatoka, nikaendelea na tano. Miezi kumi, kilo nane nukta tatu. Kumi na moja, nane nukta tatu. Kumi na mbili, nane nukta tatu. Mimi ambaye fundi akinipunguzia nusu inchi kiunoni naiona nikiwa mlangoni, utaniambia sikuiona namba moja iliyoandikwa mara tatu?

Na zile picha nilizokuwa nakutumia, ukafurahi ukasema jamani amenenepa mpaka nguo zinambana. Zile nguo nilizikata ndogo. Lile vazi la buluu ulilolisifu kwa wenzako wa bwenini, nilitumia kipimo cha miezi sita. Nilikaa kwenye meza yangu mwenyewe, na chaki yangu, nikamkatia mtoto nguo ya kukudanganya wewe. Nilipoifunga vifungo ikambana, akalalamika, nikampiga picha.

Utauliza kwa nini. Kuna lile jibu la mashati meupe, na ni la kweli, lakini ni la kweli kwa siku tisa. Baada ya hapo ni jingine. Alipokuwa na miezi minane uliniambia masharti ya kile chumba cha watoto: awe amefika mwaka, awe anakula mwenyewe, asiwe wa chupa. Uliyataja kwa furaha, kama mtu anayehesabu siku za kurudishiwa kilicho chake. Mimi ninayehesabu kila kitu, na hilo nililihesabu. Mwaka siwezi kuuzuia. Chupa nilikuwa ninayo mkononi.

Sikuwahi kukaa nikasema "nitafanya hivi." Nilikuwa ninamnyanyua tu saa kumi, ninaingia naye stoo, ninafunga mlango. Anashika chupa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anashika kidole changu hiki chenye alama ya sindano, ananitazama. Hapepesi macho, hatazami pembeni. Dakika kumi na mbili. Katika maisha yangu nimetazamwa na watu wanaotaka nguo yao, wanaotaka punguzo, wanaotaka ruhusa ya kwenda msibani. Sijawahi kutazamwa dakika kumi na mbili na mtu asiyetaka niondoke. Nikamtolea damu yake kwa hilo. Neno hilo ni zito, nimelipima kabla ya kuliandika.

Hata nilipoanza kumwachisha kwa kukukasirikia, chupa nne niliziondoa, ile ya saa kumi niliendelea kumpa kwa siri. Siku kumi nzima mafundi wanashangilia mkekani, mimi nina chupa ndani ya robota. Siku ya kumi na moja Bibi Nyuzi alifungua mlango akitafuta uzi mweupe. Alituona. Alichukua uzi, akafunga mlango. Kesho yake saa kumi akaja na sahani ya kiazi, akaketi karibu yangu juu ya robota, akasema naye amechoka, anaomba kupumzika nasi. Kifungo akaona sahani, akateremka mapajani mwangu. Mwenyewe. Alikula kwa mkono wa Bibi Nyuzi, na alipoonja akanigeukia akanitia kiazi mdomoni. Nilitoka nje nikaosha uso. Chupa zote tano nilizitupa siku hiyo.

Jana hiyohiyo nilimwambia muuguzi ukweli wote. Nilitarajia anifokee, nilikuwa nimejiandaa. Aliandika kitu kwenye kadi, akaniuliza siku hiyo amekula nini. Nikamtajia. Akasema, "Na wewe?" Nikakumbuka sijala tangu asubuhi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ulikosea na ulipatia. Ulikosea uliposema sijui uchungu wa mwana. Maneno yale yaliniuma na bado yananiuma, na ukija nitataka uyarudishe mbele ya mafundi haohao walioyasikia. Lakini ulipatia kwamba mtoto alikuwa hapokelewi kwa sababu yangu. Nakuomba radhi. Yeye nimeshamwomba, akanijibu kwa kunivuta miwani.

Sasa anakula kwenye mkono wa yeyote: wangu, wa fundi wa kola, wa muuguzi, na hata wa yule mteja wa suruali. Njoo umchukue. Dawa yake ina wiki saba bado, kadi ya kliniki nitakukabidhi na namba zake zote, zile mbaya zikiwemo.

Ndani ya bahasha utakuta fomu ya chumba cha watoto uliyoituma miezi mitano iliyopita. Nilikwambia haikufika. Ilifika. Nimeijaza kwa kalamu ya wino, isifutike. Wanauliza kama anakula mwenyewe, nimeandika ndiyo. Wanauliza kama anatumia chupa, nimeandika hapana. Anachokipenda, nimeandika yai. Chini kabisa wanataka jina la aliyekuwa akimlea na ni nani wake. Jina langu nimeandika. Hiyo nafasi ya pili nimeiacha wazi, ujaze wewe unavyoona inafaa. Nitakubali chochote utakachoandika.

Mama anakukumbusha kwamba ukisafiri uvae soksi. Bibi Nyuzi anasema akuone kabla hujaondoka na mtoto, ana mambo mawili ya kukwambia, moja lako na moja langu. Wasalimie wenzako wa bwenini waliolisifu lile vazi, na ukweli wake waambie au usiwaambie, hiari yako. Nitakuwa kituoni siku utakayofika, nimembeba.

Ni mimi dada yako, anayekupenda na aliyekukosea.